Jibu Kutoka Tortosa

Siku ya Sabato, kabla Torati haijatolewa kabatini, Cinfa mke wa Vidal alishuka kutoka roshani ya wanawake, akapita katikati ya wanaume, akashika nguzo ya jukwaa la kusomea na kusema sala isiendelee. Haki hiyo ilikuwa ya kila aliyedhulumiwa katika mtaa wa Wayahudi wa Valdecinca. Kwa kawaida waliitumia wanaume waliogombania kuta na mitaro. Mwanamke hakuwahi kuitumia.

"Mimi ni mjane," alisema. "Rabi Elazar alinifungua, mtu akanifunga tena. Torati isisomwe mpaka nijue ni nani."

Wazee waliangalia viatu vyao. Mwishowe walimwahidi jibu kabla ya usomaji wa Jumatatu asubuhi, wakamtupia kazi hiyo Jafuda Almeli, mchunguzi wa makosa wa mtaa. Cinfa akaiachia nguzo. Torati ikasomwa mbiombio, kama inasomwa na watu wanaokimbia mvua.

Jumapili asubuhi Jafuda alianza anapoanza siku zote, kwa mlalamikaji. Alimkuta akichambua dengu, sinia mapajani.

"Karibu, mchunguzi. Kiti hicho mguu mmoja mbovu, kaa kwa upande."

Jafuda akakaa kwa upande. "Nieleze tangu mwanzo."

"Mwanzo si unaujua? Ulikuwepo mjini."

"Nataka kuusikia kwako."

Cinfa alitupa jiwe dogo mlangoni. "Vidal alipanda mlimani na nyumbu, anakwenda Jaca. Theluji ikaporomoka. Theluji ilipoyeyuka akashuka Peyre, yule Mkristo mwendesha nyumbu, akakaa langoni anakula mkate wake. Nikampita na ndoo. Nikamwambia, 'Peyre, mwaka huu umechelewa.' Akasema, 'Ningewahi vipi, mama, na mimi nilikuwa namfukia mumeo? Nimemzika kwa mikono hii, kando ya kibanda cha wachungaji.' Akaanza kulia, mkate bado uko mdomoni."

"Kabla ya hapo hukumuuliza lolote kuhusu Vidal?"

"Nimeshakwambia nilichosema. Umechelewa. Basi."

Hapo ndipo shauri lilipokuwa limekwama miaka saba. Neno la Mkristo juu ya kifo cha Myahudi lilikubalika ikiwa tu limemtoka lenyewe, katika maongezi, bila kuulizwa. Don Natan, hakimu wa mtaa, aliamua kwamba lile "umechelewa" lilikuwa uchokozi, kwamba mwanamke alimtega mwendesha nyumbu ili aseme. Wazee waliingiwa na shaka, wakaomba swali lipelekwe Tortosa kwa Rabi Elazar ben Tanhum. Jibu la mtu huyo lilikata kesi kutoka pwani mpaka milimani, na miguuni pake ndipo Don Natan mwenyewe alipopata elimu. Jibu likarudi: mwanamke asiolewe. Tangu siku ile Cinfa hakuwa mke wala mjane. Sasa Peyre alikuwa amekufa, na Rabi Elazar alikuwa amezikwa majira ya baridi yaliyopita. Hakukuwa na wa kuulizwa tena.

"Nani kakwambia Rabi alikufungua?"

"Mwanamke wa Tortosa, kaja kumwangalia binti yake aliyejifungua. Tulikuwa tunangoja mikate kwenye tanuri la mtaa. Zamani alikuwa mpishi nyumbani kwa Rabi. Aliposikia Tortosa inatajwa, akauliza, 'Yule mjane wenu wa mlimani ameshapata mume?' Nikamuuliza, mjane gani? Akasema, 'Si yule bwana wetu aliyemfungua. Siku ile mezani alifurahi mpaka akamwaga divai.'"

"Kisha?"

"Kisha mikate yangu ikaungua."

Jafuda alijikuna shingo. Lilibaki swali moja, na alikuwa amelichelewesha makusudi. "Mama Cinfa, uniwie radhi. Yuko mwanamume?"

Mkono wa Cinfa ulisimama juu ya dengu. "Akiwepo, sheria inabadilika?"

"Haibadiliki."

"Sasa unaniulizia nini?"

Wachunguzi wote waliomtangulia waliwauliza hivyo wanawake, naye alikuwa amelirithi swali lile pamoja na ufunguo wa sanduku la mtaa. Aliinuka masikio yakimwaka, akaaga akiangalia sakafu.

Mtu wa pili alikuwa Bonafos, ndugu wa Vidal. Yeye ndiye aliyepeleka swali Tortosa na kurudi na jibu, na yeye ndiye mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu. Kwa kuwa Vidal alikufa bila mtoto, na sheria ilimpa ndugu haki ya kumrithi mjane wa namna hiyo, siku Cinfa atakapotambuliwa kuwa mjane, Bonafos angelazimika kusimama mbele ya wazee, shemeji yake amvue kiatu na kutema mate mbele yake, ndipo awe huru kuolewa na mtu mwingine. Wapo wanaume waliohama miji wakikwepa asubuhi kama hiyo.

Jafuda alimkuta bandani anamsugua nyumbu.

"Watu wanasema uliogopa mate, Bonafos."

"Watu wa tanurini au watu wa sinagogi?"

"Wote."

"Mke wangu ananitemea maneno kila nikiamka na mpaka leo nanenepa. Mate ya shemeji yangu yangenifanya nini?"

"Barua ilifunguliwa njiani?"

"Nani aifungue, mimi? Mimi sala zangu ni za kukariri, mchunguzi. Nipe kitabu kichwa chini, nitakusomea vilevile." Alihamia ubavu wa pili. "Lakiri nzima, uzi mzima. Nilimtia Don Natan mkononi. Akanipa maji, akasema nenda kapumzike."

"Hakuifungua mbele yako?"

"Aliifungua kesho yake mbele ya wazee. Au niseme alikuja nayo ikiwa imefunguliwa. Nani angemuuliza Don Natan?"

Jafuda aliliweka hilo akilini. "Na Rabi mwenyewe, alipokukabidhi, alikuwaje?"

"Kawaida."

Brashi ikaenda, ikarudi, ikaenda palepale. Jafuda aliegemea mlango.

"Utamtoa ngozi huyo nyumbu," alisema baadaye.

Bonafos alishusha mkono. "Alikuwa anacheka," alisema bila kugeuka. "Alinipa barua, akanipa na kifurushi cha halua ya lozi, kimefungwa kitambaa safi. Akasema, mpelekee shemeji yako, mwambie imetoka kwa Elazar."

"Cinfa hakunitajia halua."

"Angeitajaje? Hakuiona."

"Ilipotea?"

"Niliila." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Njia ndefu. Nikasema nionje kidogo tu, ncha ya kidole. Nilipofika darajani nilikuwa nalamba kitambaa. Kisha jibu likasomwa, kumbe kafungwa maisha. Nikajiambia afadhali, nani apeleke halua kwenye msiba? Lakini tangu hapo nikikutana naye njiani nageukia ukutani. Anadhani namchukia."

"Bonafos, sikiliza. Mtu amfunge mwanamke maisha yake yote, kisha acheke na kumpelekea halua?"

Bonafos aligeuka polepole. Uso wake, mpana kama mlango wa tanuri, ulianza kuwiva kutoka shingoni kwenda juu. "Sikuwahi kuliangalia hivyo," alisema. "Mimi nilikuwa naiwazia halua."

Mchana Jafuda alifungua sanduku la mtaa katika chumba cha nyuma cha sinagogi. Ndani mlikuwa na majibu matatu ya Rabi Elazar: moja juu ya moshi wa tanuri ulioingia kwa jirani, moja juu ya nadhiri ya bi harusi, na la tatu la Cinfa. Aliyatandaza mezani penye mwanga wa dirisha.

Karatasi ilikuwa ya aina moja. Mwandiko nao ulikuwa mmoja: ule wa kuinama kidogo kushoto. Lakini mwandiko haukuthibitisha kitu. Wanafunzi wote wa Tortosa walijifunza kuandika kwa kunakili majibu ya mwalimu wao, mpaka hata hesabu za nyumbani waliziandika kwa mkono wake. Maana yake ni kwamba jibu la Cinfa lingeweza kuandikwa na Rabi, au na yeyote aliyepita shuleni kwake.

Valdecinca, aliyepita shuleni kwake alikuwa mmoja tu.

Jafuda aliondoka mezani, akanywa maji, akarudi. Aliyasoma majibu mawili ya kwanza. Yalikuwa marefu, yenye dhihaka na huruma. Ukiyasoma ni kama Rabi amekushika mkono anakupitisha chumba hadi chumba. La Cinfa lilikuwa mistari mitatu mikavu. Akalinganisha miisho ya karatasi zote tatu. Aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akazikunja barua zote, akazitia katika mkono wa joho lake.

Don Natan alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Nusu ya wanaume wa mtaa walijifunza herufi zao mbele ya kidole chake, Jafuda akiwa mmoja wao.

"Jafuda, mwanangu. Kaa. Nimesikia umeshika kazi ngumu."

"Ngumu, Mwalimu. Naomba msaada wa kusoma."

Don Natan alitabasamu. "Mpaka leo?"

Jafuda alimpa jibu la moshi wa tanuri. "Hapa chini tu. Sahihi."

Mzee alishika karatasi kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kuamka. "'Haya ni maneno ya mwalimu wangu, Rabi Elazar ben Tanhum.'"

"Kama ilivyoandikwa, Mwalimu."

"Nimesoma."

"Umeongeza."

"Mwanafunzi hamtaji mwalimu wake kwa jina tupu. Si mbele yake, si kaburini kwake. Hilo nilikufundisha ungali na meno ya utotoni."

"Ulinifundisha. Lakini yeye mwenyewe hapa ameandika nini?"

Don Natan aligusa mahali pale kwa kidole.

"Jina tupu," alisema Jafuda. "Elazar, mwana wa Tanhum, basi." Aliweka barua ya nadhiri juu yake. "Hapa pia, tupu. Mtu hajiiti Rabi katika sahihi yake mwenyewe. Hata wenye majivuno hawafanyi, na yeye hakuwa nayo." Kisha akaweka ya tatu juu ya zote. "Na hii, ya Cinfa. Nisomee, Mwalimu. Safari hii hutahitaji kuongeza kitu."

Mzee aliinamia karatasi. *Rabi Elazar ben Tanhum.* Mahali fulani nje mwanamke alikuwa akiita kuku.

"Aliyeandika hii," alisema Jafuda, naye macho yake yalikuwa mezani kwa sababu hakuweza kuyaweka kwingine, "aliweza kumsingizia Rabi hukumu. Aliweza kumfunga mwanamke asiye na kosa. Kitu kimoja tu kilimshinda, kumtaja mwalimu wake bila heshima."

Don Natan alizisawazisha karatasi tatu ncha kwa ncha. Vidole vyake vilikuwa vimetulia. Sauti ndiyo haikutulia.

"Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka," alisema. "Nikachovya tena. Mkono ulikataa."

"Iko wapi ya kweli?"

Mzee alimsukumia karatasi zote tatu.

"Mwalimu, ukiniambia uliichoma, Cinfa anabaki alivyo. Kughushi kwako kunaonyesha kwamba Rabi hakuandika hii. Hakuonyeshi kwamba alimfungua. Halua siwezi kuisoma mbele ya wazee. Bila ile barua, mwanamke yule atakufa akiwa si mke wala mjane, na sisi tutaendelea kusali."

"Unadhani ningeweza kuchoma maandishi yake?"

Alinyanyuka, akaenda kwenye ndoano ukutani, akashusha mfuko wa shali yake ya sala. Chini ya shali, ndani ya bitana, palikuwa na karatasi iliyolainika kama kitambaa. Kwa miaka saba alikwenda nayo sinagogi kila asubuhi.

Jafuda alisoma akiwa amesimama. *Salamu ya mwanamke kwa msafiri aliyechelewa si swali. Mwendesha nyumbu alisema mwenyewe kutoka moyoni, na neno lake ni ushahidi. Mwanamke ni mjane. Baada ya ndugu wa mumewe kuvuliwa kiatu, aolewe na amtakaye.*

"Mbona ni wazi hivi," alisema. "Kwa nini basi—"

"Endelea. Bado hujamaliza."

Chini yake paliandikwa: *Na hakimu wa mji wenu, aliyegeuza salamu kuwa hila, ni mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kusoma. Kuona haya sikumfundisha, nilidhani kila mtu huja nako kutoka kwa mama yake. Barua hii isomwe yote mbele ya mkutano, naye aende kwa miguu yake akamwombe mwanamke radhi.*

"Mbele ya mkutano," alisema Don Natan. "Wewe ungeisoma?"

"Hukumu yako uliiamini?"

"Mpaka ilipofika hii, niliiamini. Kisha basi."

"Na miaka saba yote—"

"Mwaka wa kwanza ningeweza kusema. Mwaka wa pili ilibidi niseme na kwa nini sikusema mwaka wa kwanza. Kila mwaka aibu ilipata mwaka mwingine juu yake." Alikaa. "Ruhusa inaishia mstari wa nne, Jafuda. Koma hapo. Anayemwaibisha mwenzake hadharani ni kama amemwaga damu. Hilo nalo nilikufundisha."

"Ulinifundisha."

"Basi kata hapo."

"Nikate karatasi?"

Don Natan aliinua macho kwa hofu halisi, ya kwanza tangu mazungumzo yaanze. "Karatasi usiiguse. Kata sauti tu."

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Jafuda aliporudi kwa Cinfa. Alimwambia yote akiwa kizingitini, kwa mpangilio, kama anavyotoa taarifa kwa wazee. Cinfa alisikiliza mkono ukiwa juu ya mwimo wa mlango.

"Kwa hiyo sikumtega Peyre," alisema.

"Hukumtega."

"Kuna usiku nilianza kuamini nilimtega. Nilikuwa nalirudia lile neno, umechelewa, umechelewa, natafuta hila iko wapi." Alipitisha kiganja usoni. "Na halua?"

"Aliila Bonafos."

Kitu kama kicheko kilimtoka puani. "Ndiyo maana ananikimbia. Maskini. Mwambie alete nyingine."

Jafuda alikohoa. "Liko jambo moja. Barua ina sehemu ya pili, ya kumkaripia Don Natan. Ni mzee. Amewafundisha watu wengi. Nikiisoma mbele ya watu, atamaliza siku zake ndani ya nyumba. Nimefikiri, wewe ndiye uliyedhulumiwa. Ukisema nikome kwenye ruhusa, nitakoma. Ukisema nisome yote—"

"Umekuja kuniuliza mimi?"

"Ni haki yako kuulizwa."

"Nikisema soma, mtaa utasema Cinfa kamuua mzee. Nikisema usisome, mtasema Cinfa mwenyewe kasamehe, yameisha." Hakupandisha sauti. "Mlinifunga bila kuniuliza, mchunguzi. Nifungueni bila kuniuliza. Hilo jingine ni la kwenu."

Akaingia ndani, akauacha mlango wazi. Jafuda alisimama pale akiwa na barua mkononi. Jirani mmoja alipita na kumsalimia, naye akaitikia kwa kuchelewa, akijua kwamba maneno aliyokuja nayo yalikuwa yameandaliwa vizuri ili mwanamke ambebee mzigo wake.

Jumatatu asubuhi sinagogi lilijaa kuliko Sabato. Don Natan alikuwa mahali pake kwenye ukuta wa mashariki, shali imemfunika kichwa. Bonafos alisimama karibu na mlango amevaa viatu vilivyopakwa mafuta. Jafuda alipanda jukwaani. Hakuwa amemwambia mtu atasoma mpaka wapi, kwa sababu hakuwa anajua.

Alisoma habari ya salamu na msafiri. Alisoma *mwanamke ni mjane*, na kutoka roshani kikasikika kilio kifupi cha mwanamke fulani, si Cinfa. Alisoma *aolewe na amtakaye*. Huo ulikuwa mstari wa nne.

Wanaume walimwangalia kwa nyuso zilizolegea, nyuso za watu wanaongoja kuambiwa wanaweza kwenda. Mmoja wa wazee alishaanza kunyanyuka. Jafuda aliona jinsi ingekuwa rahisi: akunje karatasi, Torati itolewe, na mchana watu wangesema kulitokea kosa la barua huko Tortosa. Kila mmoja angefika nyumbani msafi.

"Na hakimu wa mji wenu," alisoma.

Mzee yule akakaa.

Alisoma polepole. Alipofika *kuona haya sikumfundisha*, alisikia nyayo kwenye ngazi za nje, za mtu mmoja anayeshuka bila haraka. Aliinua macho. Mahali pa Cinfa roshanini palikuwa wazi. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wakiangalia nafasi ile. Alikuwa ameshasikia lililo lake. Waliobaki wote, juu na chini, walikuwa watu walioongea naye kwa miaka saba wakiangalia pembeni, na Jafuda aliyekuwa akisoma alikuwa mmoja wao. Sauti yake ikazama. Maneno ya mwisho aliyasomea kifua chake.

Kwenye ukuta wa mashariki shali ilisogea, na chini yake ikatoka sauti kavu, ile ile iliyowafundisha nusu yao herufi zao.

"Umemeza mwisho, Jafuda. Nyuma hawakusikia," alisema Don Natan. "Soma tena."